Herufi Iliyolala

Sydenham,
Durban, Afrika Kusini.
Jumapili, 17 Mei 1998.

Mpendwa Dada Atupele,

Shikamoo. Habari za Tukuyu na baridi yake? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na wewe kifua kimeachia? Sisi huku wazima. Shemeji yako Gilbert bado yuko kiwandani kule Jacobs, anarudi hoi kila siku lakini kula hajachoka. Bupe amerefuka, sketi ya shule niliyomnunulia Januari sasa inamwacha magoti nje.

Dada, tangu nikuandikie ile barua ya Machi hujanijibu. Sikulaumu, ningekuwa wewe nami ningenuna. Kumwambia mwalimu wa miaka kumi na tisa kazini kama wewe kwamba ba-be-bi-bo-bu zake zimemharibu mwanangu! Naona aibu hata kuyarudia. Hebu nikueleze yaliyotokea, halafu endelea kununa ukitaka.

Nilikuwa na hofu. Mwalimu wake, Bi. Moonsamy, alikuwa ameniita akaniambia Bupe hajui kusoma, na kwamba asipobadilika hadi mwisho wa Aprili atatolewa darasa la tatu arudishwe la kwanza, akae na watoto wa miaka sita. Mtoto aliyeshika nafasi ya pili darasani kwako kabla ya kuja huku! Hesabu za namba tupu alikuwa anapata zote. Ila ikija hesabu ya maneno, sijui nani kagawana machungwa na nani, anabaki kukodoa macho.

Huku Aprili na Mei ni majira ya kupukutika majani, ingawa miti ya Durban haina habari hiyo, nje ni kijani tu. Basi mwalimu akabandika ukutani mti wa karatasi, kila mtoto na jani lake lenye jina. Ukisoma ukurasa mmoja kwa sauti na kufanya hesabu moja ya maneno, unabandua jani lako, linaangukia kikapuni. Ilipofika wiki ya mwisho ya Aprili mti ulikuwa umebaki na jani moja. La nani, unajua.

Wiki hiyo akaitwa asome. Neno la kwanza kwenye ukurasa lilikuwa "autumn", ndilo jina la majira yenyewe kwa Kiingereza. Akalisoma ulivyomfundisha, bila kuruka herufi hata moja: a-u-tu-m-ni. Darasa zima likaangua kicheko. Bupe akafunga kitabu, akafungua mkoba, akatoa barua yako ya Januari. Kumbe anatembea nayo, mimi nilidhani imepotea! Akasimama na machozi yake, akaanza kuisoma kwa sauti.

Ndiyo, ile ile ya Wifi na sufuria. Aliisoma yote, Dada. Jinsi Wifi alivyoazima sufuria lako likiwa zima, akarudisha lina tundu, akaapa kuwa limetoboka lenyewe. Nilishukuru hakuna anayejua Kiswahili mle ndani, kumbe Médiatrice, mama wa Kirundi anayefagia shule, alikuwa mlangoni na ufagio wake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu akamwuliza kama mtoto anasoma kweli au anabuni. Médiatrice akaiomba karatasi, akafuatisha kwa kidole, akathibitisha neno kwa neno. Jioni akanisimulia getini: "Mama Bupe, eish! Mutoto iko anasoma sharp, muzuri sana, hasimame hata kidogo. Ile sufuria niliiona na macho!"

Bi. Moonsamy ni muungwana. Kesho yake aliniita akaniomba radhi. Alisema muda wote alikuwa anasikiliza Kiingereza tu, hakuwa amesikiliza usomaji. Habari ya darasa la kwanza ikafa hapo hapo.

Sasa kila siku baada ya mapumziko mwalimu anakaa naye na penseli. Herufi isiyotamkwa, kama ile n ya mwisho wa "autumn", Bupe anaichorea kamstari chini yake kama mkeka, anasema hiyo imelala. Mwanzoni alikasirika sana. Kama haisomwi, wameiweka ya nini?

Ijumaa ya wiki iliyopita akasoma ukurasa mzima. Hesabu aliyopewa ilikuwa hii: mti ulikuwa na majani thelathini na moja, yameanguka thelathini, yamebaki mangapi? Akaandika moja, akaenda akalibandua mwenyewe. Watoto wakampigia makofi. Mimi niliposikia nilikaa jikoni nikalia.

Dada, aliyemfundisha mwanangu kusoma ni wewe. Niliogopa, nikatafuta mtu wa kumtwika lawama, nikakutwika wewe uliye mbali. Nisamehe.

Nisalimie Mama, shemeji Ezekieli na wanafunzi wako wote. Wifi naye msalimie, ila usimwambie kwamba sufuria limefika Durban. Mungu akupe afya na akulindie hiyo sauti ya kufundishia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukosea,
Belinda

N.B. Bupe ameomba jani lake lije kwako, limo ndani ya bahasha. Nyuma yake ameandika mwenyewe, sikumsaidia: "Mama mkubwa, mama anasema umenyamaza. Hata n ya autumn imenyamaza, lakini ipo."