Papa ni Muntu wa Wapi

Jumatatu, 6 Septemba 1965
Niko na furaha kama mujinga! Biro ya bandari inatafuta mukalimani wa Kihispania kwa mafundi wageni wa mashua. Jaribio njo Jumanne ijayo. Sista Inés, mwalimu wetu wa Kihispania, anasema kati yetu wanafunzi wake, wawili tu tunaweza: mimi na Casimir wa posta. Casimir! Ananyoa kila asubuhi na ndevu hana.

Leo tumesoma mataifa. Tamu sana! Congoleña: njo mimi, Mukongomani. Neno lilelile unalibandika hata juu ya kitenge. Tena kwa herufi ndogo! Nyumbani nimebandika kila kitu. Samaki congoleño. Bata congoleño! Mama ameuliza kama nimelewa.

Alhamisi, 9 Septemba
Sista alitaka kila muntu ajieleze. Nikaanza na kwao papa, kama tunavyofanya hapa siku zote. Nani anajieleza bila kumutaja baba yake? "Mi padre es tanzano, papa ni Mutanzania wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa!" Kidole juu. Sista akapiga makofi. Casimir akaandika kitu katika kayé yake.

Jumamosi, 11 Septemba
Ayayay! Casimir ameambia posta nzima: kazi ile ni ya Wakongomani tu, baba na mama. Na Papa amefanya kazi ya reli hapa miaka thelathini!

Jioni Papa aliniambia polepole, bila kuniangalia: Pétronille, kwenye karatasi ya kazi andika kwamba mimi ni wa Mpala. Mpala njo kwao Mama, hakuna atakayeuliza. Nikacheka, nikakubali. Halafu nikalia juu ya vitunguu. Mama aliniachia vitunguu vyote.

Jumanne, 14 Septemba, kwenye benchi ya biro
Nimesema vizuri! Fundi mwenye masharubu amecheka mara tatu, Casimir hakucheka hata mara moja. Imebaki fishi tu, ile karatasi ya kazi. Nimejaza yote, isipokuwa mustari mumoja: taifa la baba na kwao.

Mungu wangu — Papa! Na koti la misa, ananiletea chakula. Amesimama mulangoni, hasalimii muntu. Papa, mwenye kusalimia hata bata! Anaogopa watamujua kwa salamu zake za Ujiji. Casimir anamuuliza: muzee, unatafuta nani? Papa anasema amekosea mulango. Anageuka na sahani yangu.

Nimeita kwa nguvu, biro nzima imesikia: Papa! Njoo ukae na mimi!

Amekaa. Anafunua sahani, anacheka. Sasa karani ananyoosha mukono, anataka fishi. Nimemwambia asubiri kidogo, bado mustari mumoja. Papa anaangalia kalamu yangu: Ujiji ao Mpala?