Mstari wa Chokaa Ukutani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sijawahi kuanza mazungumzo nawe bila kukuamkia na siwezi kuanza leo. Jumamosi tunafanya arobaini yako hapa nyumbani Ilemela. Mama ameomba kila mtoto aseme neno juu yako. Dada zangu watasimulia upole wako na zile hadithi zako za Nansio. Mimi nitasoma barua hii mbele ya watu wote, na nikishaisoma sijui Mama atanitazama kwa jicho gani.

Unakumbuka siku uliyochora ule mstari? Karakana ilikuwa mpya, ukuta bado unanuka saruji. Ulichovya brashi kwenye chokaa iliyobaki, ukasogea ukutani, ukapima kwa kiuno chako, ukachora kutoka kona hadi kona. Nilikucheka, nikakwambia mstari umepinda.

"Utaunyoosha wewe ukiwa na karakana yako," ulinijibu.

Kuanzia hapo hakuna pikipiki iliyotoka kwetu na taa mpya bila kupimwa. Tulikuwa tunaisogeza nyuma hatua kumi, tunawasha, na mwanga ukivuka juu ya mstari wewe unashika spana unaanza upya. Tena hukukubali ipimwe ikiwa tupu. Mtu akae kiti cha nyuma, ulisema, kwa sababu pikipiki iliyobeba inakaa chini nyuma na kuinua pua, na mwanga unapanda nayo. Mara ngapi nimekaa kwenye viti hivyo kama mzigo wa mihogo, wewe umechuchumaa mbele unakaza nati na kuguna! Mteja akilalamika kwamba unamchelewesha, unamwambia akanywe chai.

Mgongo ulipokuzidi ukaniachia funguo. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimebandika juu ya mstari wako tangazo kubwa la taa za kuongeza, zile ndogo zenye mwanga mkali mweupe ambazo kila dereva wa bodaboda alikuwa anazitaka. Uliliona ulipokuja kunisalimia. Ulilitazama kidogo, ukatundika kofia yako kwenye msumari wako wa siku zote, ukaomba maji.

Kisha trafiki wakapita kijiweni kutangaza. Pikipiki na magari yabaki na taa zilizotoka nazo kiwandani. Za kuongeza zinazopofusha watu zifunguliwe, na vimulimuli vya bluu na nyekundu vilevile. Nilirudi nyumbani nimenuna. Wewe ulifurahi, na hilo likanikera zaidi.

"Leo umepewa sababu ya kumwambia mteja hapana," ulisema. "Itumie."

"Nikimwambia hapana anakwenda kwa jirani, Baba."

"Mwache aende."

Sikumwacha hata mmoja. Nilibuni njia yangu, na niliiona ya akili kweli. Nilikuwa nazifunga taa chini ya usukani, nazifunika kwa kipande cha mpira mweusi, halafu swichi naificha chini ya kiti. Trafiki akisimamisha anaona taa ya kiwandani tu. Vijana wa kijiweni waliniita profesa, na mimi nikavimba kichwa.

Maduhu alikuja asubuhi moja ana abiria anayemsubiri barabarani. Unamfahamu Maduhu, jirani yetu wa juu kule kwenye majabali, yule aliyekuwa anakubebea gunia la mchele mpaka mlangoni bila kuombwa. Aliniambia taa ya kiwandani inamulika tairi lake tu. Akipanda pale penye mawe haoni jiwe mpaka amelifikia, na wiki ile alikuwa ameanguka na mama mjamzito. Nilimfungia taa mbili. Ili aone mlima, nikaziinua juu. Nilijua kwamba akishuka kwenye lami zitabaki zimeinuka vilevile. Nilijua, Baba. Nilimwambia apite jioni tuzipime, hakupita, na mimi sikumfuata.

Siku ile ulitoka mwaloni, kwenye soko la samaki, saa moja kasoro jioni, kwa baiskeli, sato wawili wananing'inia kwenye usukani. Maduhu alikuwa anakuja upande wa pili na abiria na begi lake. Taa zikakupiga usoni. Ukakata kushoto, ukatoka kwenye lami ukaingia mtaroni, na kifua kikagonga ukingo wa kalavati. Yeye hakukugusa hata kidogo. Angeweza kuendelea na safari yake na asijulikane mpaka leo. Alisimama, akateremka mtaroni, akakubeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, akakupeleka hospitali, kisha akajipeleka polisi mwenyewe na pikipiki yake.

Kesho yake walimwachia kwa dhamana, akaja kupiga magoti kando ya kitanda chako. Mimi nilikuwa upande wa ukutani, nimeshika kikombe chako cha uji. Ulimsikiliza mpaka mwisho. Ukamuuliza, kwa ile sauti yako iliyokuwa imebaki nusu, taa hizo alifungiwa na nani. Maduhu akainamisha kichwa. Polisi nao walikuwa wamemuuliza hivyohivyo, akawaambia alinunua pikipiki ikiwa nazo. Hata wewe hakukutajia mtu. Ukamtuma akakununulie maji.

Alipotoka ukanigeukia. Hukunikaripia. Afadhali ungenikaripia.

"Ulizipima ukutani?"

"Nilizipima, Baba."

"Na mtu amekaa nyuma?"

"Mtu alikaa."

Nilikuwa natazama uji ukishika utando juu. Kisha ukasema, "Basi ni macho yangu," ukafumba hayo macho, na nikaona umepata jibu ulilokuwa unalitafuta. Uliniamini. Miaka yote ile ulikuwa hukubali hata neno la mteja mpaka upime mwenyewe, na siku hiyo ukakubali la kwangu bila kupima.

Nje, kwenye korido, Maduhu alinikabidhi chupa ya maji. "Fundi, sijakutaja," aliniambia. "Una mgonjwa tayari." Nilimshukuru. Sina hakika kama kuna jambo nimewahi kulifanya la aibu kuliko ile asante.

Jioni ukamwambia Mama macho yamekuangusha. Siku ya tatu ukaondoka. Tukakuvusha kwa kivuko mpaka kwenu Nansio, tukakulaza karibu na bibi kama ulivyotaka, na njia nzima Mama alikuwa ameshika pembe ya jeneza kana kwamba mawimbi yangelichukua.

Sasa nikwambie hali ya hapa. Mama amekonda. Kila mgeni anayeingia anasimuliwa habari moja, kwamba kanisani kulikuwa na madaktari wa macho wanapima bure, kwamba alikwambia mwende, ukasema kesho, na yeye hakukusukuma. "Ningemburuta tu," anasema. "Mzee wangu amekufa kwa uvivu wangu." Wageni wanambembeleza. Mimi nagawa chai. Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba najua atavuta pumzi wapi.

Maduhu anasubiri kesi. Pikipiki imezuiwa polisi, sasa anabeba zege kwenye ujenzi. Tukikutana njiani ananisalimia yeye kwanza.

Juma moja kabla ya ajali Mama alikuwa anashona mto, jua limezama, na uzi ukamshinda. Akanipa sindano. Nililamba uzi, nikajaribu, nikakosa. Nikajaribu tena, nikakosa. Ukaninyang'anya, ukasimama mlangoni penye mwanga uliobaki, ukapitisha mara moja. "Fundi wa taa haoni," ulisema, na Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ule mto. Amesahau jioni hiyo. Mimi sijaisahau hata saa moja.

Juzi nilifunga milango ya karakana nikabandua lile tangazo. Mstari wako upo, na bado umepinda. Nikachukua taa mbili za aina ileile, nikazifunga kwenye pikipiki kama nilivyozifunga za Maduhu, zimeinuka vilevile. Nikaisogeza nyuma hatua kumi. Kwenye kiti cha nyuma nikafunga mifuko ya saruji, uzito wa mtu na begi lake. Nikawasha.

Mwanga uliupita mstari mbali sana. Ulikwenda kutua kwenye ule msumari wa kofia yako, na kofia bado imetundikwa pale, hatukukuzika nayo. Ilikuwa nyeupe yote, hata ule mshono aliokushonea Mama pembeni hauonekani. Msumari huo uliupigilia mwenyewe, usawa wa kichwa chako, usisumbuke kuinua mkono. Nilikaa chini sakafuni nikaitazama mpaka betri ikaanza kufifia.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama. Nitamwambia Mama habari ya sindano kwanza, kisha nitamwambia habari ya taa. Jumatatu nitakwenda polisi na kile kibao cha karakana chenye jina langu, niwaambie alichokificha Maduhu. Dada zangu wanaweza wasinisamehe, na sitawaomba waharakishe. Sijui kama wewe ungenisamehe. Ungeniambia kwanza nikakae kiti cha nyuma tupime upya.

Ulikufa ukiyalaumu macho yako. Nimekuja kuyatetea, nimechelewa siku arobaini.

Yalikuwa mazima, Baba. Sikuzipima.

Pumzika.

Ni mimi mwanao, uliyeniachia funguo.