Ubavu wa Pili wa Mlima Meru

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa nyumbani hatujambo, na kahawa imeanza kuiva. Unaniuliza kama somo la uchoraji lina faida, kwa kuwa baba yako anataka uliache.

Enzi za Mwingereza, mwalimu alituambia tuchore Mlima Meru. Mimi niliuchora mzima, kama ninavyouona kila siku. Msichana kutoka Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, aliuchora umebomoka ubavu.

"Mbona umetuharibia mlima?" nikamuuliza.

"Njoo kwetu uone."

Likizo nikaenda. Kumbe kweli ubavu uko wazi, unaona mpaka ndani! Nikajiuliza ni kitu gani kingine nilichokuwa sijakiona.

Mwambie baba yako kwamba bila somo hilo asingezaliwa. Bibi yako anakusalimu. Mpaka leo anasema mlima wangu ulikuwa wa uongo.

Babu