Ile Keria Uliyoniuliza

Nyumba Na. 1147,
Wesselton, Ermelo,
Mpumalanga.

27 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Mfanasibili,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Galway? Kifua kimepona? Uliposema juzi kwamba mvua ya huko hainyeshi bali imehamia kabisa, nilicheka, kisha nikayawaza mapafu yako. Vaa ile sweta niliyokufumia. Kama imekubana, mpe mtu na ununue nyingine, lakini usitembee kifua wazi kama ulivyozoea hapa nyumbani.

Sisi tungali hai. Naanza na hilo ili usiirukeruke mistari ya barua hii ukitafuta jina la aliyekufa. Mpaka ninapoandika, hakuna aliyekufa.

Jumapili iliyopita uliponiuliza tumechagua keria gani ya kubebea baiskeli kwenye gari, ili kama bado hatujachagua ututumie ya huko, nilisema mtandao mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Mwanangu Tengetile alikuwa ameketi ubavuni mwangu akimenya viazi, na yapo maneno ambayo sitaki ayasikie tena kutoka kinywani mwangu. Ndiyo maana naandika.

Unaijua barabara ya Breyten ulivyoiacha. Wewe ulikuwa ukipanda baiskeli ukaenda na kurudi kabla chai haijapoa. Leo hupandi. Tangu lile shimo jipya la makaa ya mawe lifunguliwe, malori yanafuatana mchana kutwa kama siafu, na lori likikupita, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Msichana mmoja wa klabu ya baiskeli ya shule alivutwa hivyo mwezi wa Mei. Alipona, ila hata sasa hasikii kwa sikio la kushoto.

Baada ya hapo Mwalimu Skhosana, anayewafundisha mashindano, alikataza kabisa mazoezi ya barabarani. Watoto watabebwa na baiskeli zao kwa gari lake, wakapande kwenye njia za msitu ambako malori hayafiki. Yeye atatoa gari na petroli, sisi wazazi tutafute keria. Kwa hiyo usidhani tuliitaka kwa kujionyesha. Tulikuwa tunamtoa mtoto barabarani.

Na malori hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakitulisha, unajua. Shemeji yako Mandlenkosi alikuwa bado anaendesha lori la makaa, wiki moja zamu ya usiku, wiki nyingine ya mchana. Kila alipotoka nilijikuta nikiomba maombi mawili. Mungu, mlinde huyu aliye ndani ya lori. Mungu, mlinde yule na lori. Sikuwahi kufikiri kwamba ni ombi moja.

Keria tuliichagua hapa uani, Jumapili moja baada ya ibada. Mwalimu alikuja na lile gari lake la kijani lenye mlango mpana nyuma, na Mandlenkosi akatoka na kiti chake kama anayekwenda kuamua kesi.

Mandlenkosi alitaka baiskeli zikae juu ya paa. Mwalimu akacheka mpaka akashika tumbo.

“Baba Tengetile, paa lenyewe limeshikwa na kutu! Upepo wa Carolina utaninyanyua na gari langu, mtanikuta Eswatini bila pasipoti.”

“Basi nunua ile inayokaa kwenye ndoano ya kukokotea trela. Ile ina ubao wake wa taa.”

“Ndoano iko wapi? Unaiona hapa? Hiyo mpaka niagize Witbank, wanichomelee, na mashindano ya Barberton ni Jumamosi.”

Ikabaki ile ya mikanda, inayoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Jirani yetu mmoja alikuwa nayo, haitumii. Wakaifunga, wakapandisha baiskeli tatu kwa majaribio: ya Tengetile, ya mwenzake Phumlile na ya Mwalimu mwenyewe. Nikaangalia nikaona zimejipanga mbele ya taa kama nguo kwenye kamba.

“Na taa je?” nikauliza.

“Zinaonekana kwa pembeni, Mama Tengetile,” akasema Mwalimu.

Mandlenkosi hakulichukulia jambo hilo kijuujuu, nataka ulijue hilo. Alimwambia Mwalimu akanyage breki, akatoka hadi barabarani, akasimama, akainama, akasogea kulia na kushoto. Akarudi akisema, “Zinaonekana. Kidogo, lakini zinaonekana.” Ilikuwa adhuhuri na jua kali. Alitazama kama mtu aliyesimama kwa miguu yake. Hakutazama kutoka kule juu anakokaa akiwa kazini.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni akichambua maharage. Akasema, “Mimi nimebeba watoto tisa mgongoni. Kitu cha mgongoni hukioni, nacho hakikuonyeshi kinachokuja.” Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwa na keria nyingine ya kuwapa.

Ijumaa ya wiki hiyo ukungu ulishuka mapema. Unaukumbuka ukungu wetu wa Oktoba, unavyochanganyika na moshi wa makaa ukawa na ladha mdomoni. Mandlenkosi alikwenda zamu jioni. Alimshika Tengetile kichwa, akamwambia, “Ukishinda, usinipigie. Simu yangu itakuwa imefungiwa getini. Niambie nikirudi.” Kampuni yao hairuhusu dereva kuwa na simu safarini.

Jumamosi alfajiri Mwalimu alikuja. Nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuonekana. Nikamwambia, ngoja kupambazuke vizuri. Akasema wakichelewa kujiandikisha watoto hawatapanda, na kwamba ataendesha polepole. Hilo neno polepole lilinichoma, Mfanasibili, na sikujua kwa nini. Nikawapa mikate na mayai, nikafunga mlango wa gari kwa mkono wangu.

Walipofika pale kona ya kanisa ndipo nilipoelewa. Niliona kivuli cha baiskeli tatu kikienda. Taa sikuiona hata moja. Mwalimu alipokanyaga breki kukata kona, hata wekundu haukutokea. Nilikimbia na kandambili, nikapunga mikono yote miwili na kupiga kelele. Tengetile alinipungia kwa furaha kutoka dirishani, akidhani nawaaga.

Nikampigia simu. “Mama, usianze,” akasema. “Mwalimu anaendesha kama kobe.”

“Mwambie asimame! Taa zenu hazionekani!”

“Mama, sasa mtandao…” Ukakatika, na safari hii ulikatika kweli.

Nikampigia Mandlenkosi, nikijua kabisa simu iko getini. Iliita, ikaita. Nikaketi jikoni na mama mkwe. Tulikuwa tunayasikia malori yakipita barabara kuu, moja baada ya jingine, na kila moja nililisikiliza mpaka likaisha.

Yaliyofuata nayajua kutoka kwa Tengetile. Walikuwa wameipita njia panda ya Carolina, wanapanda kile kilima kabla ya kinamasi. Phumlile alikuwa amelala. Tengetile alisikia breki zikilia nyuma pamoja na honi ndefu, kisha upande wa kushoto wa gari kitu kama ukuta kikapita kikitembea, karibu sana kiasi kwamba kioo cha pembeni kilichukuliwa. Halafu ukuta ukaondoka, ukaingia majanini, na ikaja sauti ambayo anasema hakuwahi kuisikia: makaa yakimwagika majini.

Mwalimu alisimamisha gari, akabaki ameshika usukani. Tengetile ndiye aliyeteremka. Alishuka hadi kwenye kinamasi, matope magotini. Lori lilikuwa limelala ubavu, magurudumu yakizunguka bado. Akapanda juu ya kichwa cha lori, akafungua mlango ulioelekea angani, akachungulia ndani. Kulikuwa na mtu amening'inia kwenye mkanda, mguu umebanwa chini ya usukani.

Alikuwa baba yake.

Mandlenkosi alifumbua macho akamtazama. “Wewe umetoka wapi?” akauliza.

“Nilikuwa mbele yako, baba.”

Anasema kisha baba yake akauliza, “Ile baiskeli ilikuwa yako?” Tengetile alimshika mkono mpaka watu walipofika.

Mimi nililetwa na jirani. Sikujua ni lori la nani mpaka nilipoona lile blanketi la kahawia la kitini, ambalo nililishona mwenyewe, limetundikwa dirishani ili waokoaji wasikatwe na vioo. Makaa yalikuwa yametapakaa juu ya majani, yanachuruzika maji. Katikati yake niliona mwanangu amekaa, mweusi kuanzia utosini hadi nyayoni. Nikaomba dua zangu mbili kwa pamoja, na sikujua ipi ianze.

Mguu wa Mandlenkosi umewekewa vyuma pajani. Hospitalini wanasema atatembea, lakini lori hapandi tena. Siku aliyoweza kuzungumza alinieleza hivi: “Sikuona gari. Wala taa. Niliona gurudumu moja linazunguka peke yake hewani. Nikasema moyoni, hiki ni nini? Mikono ikakata usukani kabla sijajijibu.” Ni lile gurudumu la nyuma la baiskeli uliyomwachia Tengetile, lilikuwa halikufungwa vizuri, likazungushwa na upepo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ingekuwaje kama lingefungwa vizuri.

Kampuni ilimtuma bwana mmoja hospitalini kuuliza kama Mandlenkosi alisinzia. Aliuliza kwa upole, akirudia, huku akiwa na kalamu mkononi. Mwalimu Skhosana alikuwepo. Yeye huja kila siku, hukaa kwenye benchi lile la korido, hali chochote. Akasimama akasema, “Huyu hakusinzia. Taa zangu zilikuwa zimezibwa na baiskeli. Mama huyu aliniuliza uani, nami nikasema zinaonekana. Andika jina langu.”

Bwana yule akamwonya kwamba maneno hayo yanaweza kumfikisha mahakamani na kumtoa shuleni.

“Najua. Mimi ni mwalimu, najua kusoma. Andika.”

Tulipotoka nje nilimwuliza kwa nini amejitia kitanzi. Akasema, “Mama Tengetile, mtu yule alijitupa kinamasini asinigonge, hata hakujua ni nani. Leo nimwache aitwe msinziaji?” Hatujui bado watamfanya nini. Wiki iliyopita hakuruhusiwa kuingia darasani.

Tengetile hasemi mengi. Aliiosha baiskeli, akaosha tena. Nilidhani anataka kuiuza. Jana hospitalini alimwambia baba yake kwamba kuna mashindano mengine mwezi ujao, na kwamba anakwenda. Nilitaka kusema hapana mara saba. Mandlenkosi akasema, “Nenda.”

Hapo nikamtajia kwamba uliuliza habari ya keria.

“Mwambie shemeji atume ile yenye taa zake yenyewe. Ndoano tutachomelea hapa. Na asingoje Krismasi. Atume sasa.”

“Haraka ya nini?” nikamwambia. “Wewe huko barabarani hupo tena.”

“Mimi sipo. Zamu yangu imeshapata mtu. Wamempa yule mtoto wa Zwane wa kanisani, leseni yake bado inanuka wino. Alikuja kunipa pole leo asubuhi.” Akafumba macho. “Ameniomba nimfundishe namna ya kukaa macho alfajiri. Anasema kuna dakika chache karibu na Carolina ambazo hazikumbuki.”

Basi ndugu yangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Itume kwa njia iliyo ya haraka kuliko zote. Hapa ninapoandika kumepambazuka, lakini siuoni uzio kwa ukungu.

Mama mkwe anakusalimu na anauliza utaoa lini, maana anasema hatakungoja milele. Phumlile na wazazi wake wanakusalimu. Mwalimu Skhosana anakushukuru kwa ile baiskeli. Tengetile anasema, Mjomba, usiwe na wasiwasi, na mimi nasema, kuwa nao kidogo. Nisalimie mkeo mtarajiwa kama yupo, na kama hayupo, nisalimie wauguzi wenzako wa wodini.

Mungu akuwekee mwanga mbele yako, na zaidi sana nyuma yako, popote unapopita.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Lomakhosi