Taa Nyekundu ya Breki

Jumatatu, 13 Novemba 1978
Lori la kijiji chetu, Runazi, limechukuliwa kwa kazi ya vita. Na mimi dereva nimechukuliwa nalo! Kesho Ngara, kubeba mgambo na maharage. Verediana analia jikoni. Mke wangu huyu halii ovyo. Nimejifanya natafuta spana.

Jumanne, 14
Balaa. Taa nyekundu ya breki imewaka mara tatu. Ikiwaka, maana yake upepo wa breki umepungua – simama! Nikasimama. Kila mara mshale wa geji unaonyesha upepo tele. Mzee Bulugu, fundi wetu, akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi tu. Anasema waya umechubuka, taa inasema uongo. Xavery, mkuu wa mgambo, akaniuliza nani ananilipa nicheleweshe safari. Mbele ya watu! Siku hizi ukishaitwa mhujumu, umekwisha.

Alhamisi, 16
Imewaka tena. Xavery kaamuru waya ukatwe. Mzee Bulugu kakata. Watu wameshangilia, tumekwenda mwendo mzuri. Naogopa zaidi kuliko ilipokuwa inawaka.

Jumamosi, 18
Mugoma, juu ya mteremko. Tuna mgambo thelathini, na Theonest yumo – mdogo wangu, tumbo moja. Wameteremka kujisaidia. Nimezima injini, nimekanyaga breki mara kumi. Upepo unatoka, fuu, fuu – na mshale wa geji haushuki hata kidogo! Mungu wangu. Kumbe geji ndiyo mbovu. Na ndiyo tuliyoiamini siku zote!

Nimemwomba Mzee Bulugu aunge ule waya. Kaunga. Nimewasha injini, nimengoja upepo ujae, nimengoja tena. Bado nyekundu. Ni ule uongo wake, au ni kweli? Mzee anafuta mikono tu.

Xavery kasema gari limesimama vizuri hapa, litasimama na kule chini. Kama naogopa vita niseme.

Wanapanda, wanaimba. Nimemwita Theonest pembeni, nimemdanganya kuna magunia yanabaki hapa, ayalinde mpaka nirudi. Kacheka. Eti kaka, magunia yapi? Kazunguka, kafungua mlango, kakaa hapa mbele, karibu nami. Anauliza naandika nini.

Xavery anapiga bodi la lori, niondoe gari.