Maziwa Hayana Hatia

Mvumi, Jumatano, baada ya sala ya jioni

Ee Mungu, uliyeuumba moyo na kulijua kila pigo lake, nijalie niandike bila hasira.

Siku tatu mke wangu amemnyima mjukuu wetu Neema maziwa. Tena amemwachisha kidonge chake cha moyo, akiamini kwamba ugonjwa umekwisha kukatwa mzizi.

"Si wewe uliyesema kalsiamu inamvuja moyoni?" akanijibu nilipomuuliza. "Na kalsiamu iko wapi kama si kwenye maziwa?"

Kosa ni langu. Daktari alieleza kwamba kila chembe ya moyo ina ghala la kalsiamu lenye milango midogo. Moyo unapopiga, milango hufunguka, kisha hujifunga. Ya Neema ina kasoro ya kuzaliwa: akikimbia au akishtuka, huvuja, mapigo yakavurugika. Kidonge huzuia mbio na hofu zisiisukume milango hiyo. Mimi, niliyefasiri mahubiri kwa Kigogo maisha yangu yote, nililifupisha somo zima kwa neno moja: inavuja.

Leo Neema alimkimbiza mbuzi, akazimia uani. Alizinduka mwenyewe. Lakini kama asingezinduka...

Nilimweleza bibi yake upya, mlango kwa mlango. Akaenda akaleta kidonge na kikombe cha mtindi. Kesho tutampeleka kwa daktari.

"Babu, sasa nilinyimwa maziwa kwa nini?"

"Kwa ajili ya ulimi wangu, mjukuu wangu."

Bwana amjalie amani atakayesoma haya, ailinde milango ya nyumba yake, na ile midogo isiyoonekana.