Kapu la Udongo wa Bwesumbu

Mjukuu wangu Masika,

Bwana asifiwe. Huku Bwera tuko wazima. Babu yako anakusalimu, na mama yako bado anauza vitunguu mpakani.

Umeandika kwamba shuleni mmefundishwa kuna kuvu nzuri udongoni, inayoshikana na mizizi na kuisaidia kunyonya maji. Unauliza kama sisi tulijua.

Mama mkwe wangu alijua kwa mikono tu. Mwaka nilioolewa alipanda miche ya kahawa, kila shimo akitia konzi ya udongo aliouchota chini ya mibuni ya zamani kule Bwesumbu. Akina mama wa kanisa wakamwona.

"Mama, huo si uchawi? Kwani Bwera haina udongo?"

Akacheka. "Mche ni bibi harusi. Nani humpeleka ugenini peke yake?"

Wenzake hawakucheka. Jumapili alitubu kanisani mbele yetu sote, akamwaga njiani kapu la udongo ule. Ile mistari ya juu shambani kwetu yenye kahawa nzito aliipanda kabla ya kutubu. Ya chini, iliyokonda, ni ya baadaye.

Hata siku ya kufa aliomba msamaha kwa ajili ya udongo ule. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, Mungu amekwisha kukusamehe." Kumbe hakukuwa na kosa, na mimi ndiye niliyemwacha aende akiamini lilikuwepo.

Sali, ule vizuri.

Bibi yako